Jinsi ya kumjengea mama wa mtaa ukumbusho bila kuaibika: tulichojifunza kwa mnara wa Ida B. Wells

Wakuu habari zenu. Tangu tumalize kile kibaraza chetu cha kumbukumbu huku Temeke simu yangu haipumui, watu wa mitaa mingine na wao wanataka wamjengee bibi yao, mwalimu wao, mama fulani aliyewapigania shule au kisima, na karibu wote swali la kwanza ni moja, "fundi wa sanamu mlimpata wapi?" Sasa hapo ndo pa kupotelea. Mimi nilianzia hapohapo nikala hasara ya laki nne, kwa hiyo naandika yote mara moja hapa nipumzike kurudia.

Fundi ni mtu wa mwisho kumtafuta. Kwanza maneno, halafu mahali, halafu watu watakaokutunzia hicho kitu, umbo linakuja baadaye sana na fundi ndo anafunga mlango. Nikiulizwa nimejifunza nini kwa miaka mitatu ya kuhangaika na hii kazi ni hicho tu, mengine ni maelezo.

Bibi tuliyemjengea alikuwa mkunga wa mtaa, tena kabla ya uhuru akiwa binti wa kama miaka kumi na tisa alikuwa anauza kadi za TANU kwa wanawake wenzake kwenye vikundi vya ngoma, enzi zile Bibi Titi Mohamed amekabidhiwa wanawake wa chama mwaka 1955 na anapita kwenye lelemama anawaambia kina mama wajiunge. Na uzeeni kila uchaguzi ukikaribia yeye ndo anagonga milango asubuhi, "wewe umejiandikisha? twende", anawaswaga kina mama kwenye foleni kama anapeleka watoto kliniki. Jina lake sitaliweka hapa, familia haijapenda litembee mtandaoni, jiwe lenyewe linalo na anayetaka atakuja kulisoma.

Alipofariki tukasema tumjengee sanamu. Tukapata fundi bingwa wa simba wa getini, mnawajua wale simba wa saruji wanaokaa juu ya nguzo za mageti wamekunja uso, basi kazi zake za simba ni safi mno. Tukampa advansi na picha ya paspoti ya bibi. Baada ya wiki sita akatuita karakana, akavua turubai. Aisee. Macho makubwa, pua imelala, mashavu yamevimba, na ule ushungi wa saruji umekaa shingoni kama manyoya ya simba dume. Binti wa marehemu akazunguka lile sanamu taratibu mpaka nyuma, akarudi mbele, akauliza kwa upole kabisa, "Huyu nani?" Hakuna aliyejibu. Fundi akasema bado rangi.

Na si hilo tu. Kaka yake marehemu, mzee wa watu hata hakupandisha sauti, akatuambia dada yake alikuwa Muislamu wa swala tano, mnamsimamishia sanamu barabarani hamkutuuliza hata sisi nduguze? Hapo ndo nikajua tumeanza kwa miguu ya nyuma. Huku kwetu neno sanamu lenyewe lina uzito wake, na nusu ya mtaa wasingekaa karibu na kile kitu hata kingefanana naye vipi.

Tukakaa karibu mwaka mzima tumenuna. Aliyetutoa ni mtoto wa dada yangu anayesoma usanifu majengo, siku moja akanionyesha kwenye simu picha ya mnara mmoja uko Chicago, Marekani. Nguzo tatu za shaba, juu yake mashaba yamejikunja na kupinda yanapanda kama moto unaopulizwa na upepo. Nikamuuliza mtu mwenyewe yuko wapi? Akasema hayupo mjomba, huo mnara wote ndo yeye. Unaitwa Nuru ya Ukweli, ni ukumbusho wa Ida B. Wells, uko Bronzeville upande wa kusini wa Chicago, barabara ya 37 na Langley, kaubuni Richard Hunt, ukazinduliwa 30 Juni 2021.

Nikaanza kumfuatilia huyo mama na kwa kweli nikakuta ni bibi yetu mtupu ila wa nchi nyingine. Kazaliwa utumwani 16 Julai 1862 Holly Springs, Mississippi. Mwaka 1878 homa ya manjano ikachukua baba na mama, yeye ana miaka kumi na sita, akaenda kufundisha shule ili alee wadogo zake. Mwaka 1884 yuko kwenye treni na tiketi yake ya behewa la kina mama, kondakta anamwambia ahamie behewa jingine kwa sababu ni mweusi, akagoma, kondakta akamvuta, akamng'ata mkono! Akaishtaki kampuni ya reli akashinda dola 500, mwaka 1887 mahakama ya juu ya Tennessee ikaipindua ile hukumu. Halafu mwaka 1892 huko Memphis watu watatu weusi wenye duka la vyakula wakatolewa jela usiku na kundi la wazungu wakauawa, mmoja wao Thomas Moss alikuwa rafiki yake kabisa. Yeye alikuwa na gazeti. Akaanza kuchunguza mauaji ya namna hiyo moja baada ya jingine na kuyaandika, wakaivunja ofisi yake ya gazeti akiwa safarini, asirudi. Akahamia Chicago, mwaka 1909 akawa miongoni mwa waanzilishi wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, na Januari 1913 akaanzisha Alpha Suffrage Club, chama cha wanawake weusi cha kudai na kutumia kura. Hicho chama kilikuwa kinapita nyumba kwa nyumba kuandikisha watu, na mwaka 1915 kilisaidia Chicago kupata diwani wake wa kwanza mweusi, Oscar De Priest. Nyumba kwa nyumba. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu, nikamuona bibi na kanga yake anagonga mlango.

Basi sasa mambo yenyewe.

Anzeni na maneno. Kabla ya dizaini, kabla ya hela, kaeni muandike kitakachosomeka pale. Mkishindwa kuandika mistari minne mkakubaliana, hamna cha kujenga, mtajenga kitu kikubwa kisichosema kitu. Sisi tulivyoanza kila mtu anakuja na sifa, mara mama wa taifa, mara shujaa wa mashujaa, mmoja akasema tuandike "alizalisha watoto elfu tano". Nani alihesabu? Hakuna. Hapo ndo yule mama wa Chicago alinisaidia sana, maana yeye alipokuwa anaandika habari za wale waliouawa hakutegemea uchungu peke yake, alichukua takwimu na taarifa zilizochapwa kwenye magazeti ya wazungu wenyewe ili wasipate pa kusema kazusha, ndo alivyofanya kwenye kijitabu chake A Red Record cha mwaka 1895. Yaani anakupiga kwa hesabu yako mwenyewe.

Na sisi tukafanya hivyo kimtaani. Tukanunua kaunta buku, tukaiweka dukani kwa mangi, tukatangaza kwamba yeyote aliyepokelewa duniani na mikono ya bibi aje aandike jina lake, mwaka aliozaliwa na nyumba aliyozaliwa. Aisee watu walikuja. Dereva wa bodaboda, mama wa watoto sita, mzee mwenye mvi alikuja na mwanae wote wawili wamezalishwa na mkono mmoja. Kuna dada alitoka Mbagala kwa daladala mbili kuja kuandika mstari mmoja. Tulipofunga daftari tulikuwa na majina 212. Hiyo 212 ndo tuliandika kwenye jiwe, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kubisha, wakati ile elfu tano ingebishwa siku hiyohiyo. Tena hilo daftari ndo lilitujengea watu, maana aliyesaini anajiona ana hisa.

Andikeni kwa Kiswahili cha kawaida. Jina kamili, kazi yake, mambo mawili matatu aliyofanya na mwaka, basi. Msiweke mashairi. Nendeni pale Posta mkatazame lile sanamu la Askari, lipo toka 1927, chini lina maandishi ya lugha tatu, Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na wamekumbukwa wapagazi pia waliokuwa miguu na mikono ya jeshi lakini hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Ukisimama pale huku daladala na bajaji zinakuzunguka unajiuliza hivi huyu alikuwa mtoto wa nani. Kwa hiyo jina kwanza. Hata barabara ya Bibi Titi tunapita kila siku tukienda Mnazi Mmoja na Kariakoo, muulize kijana wa miaka ishirini alikuwa nani, wengine watakwambia mwimba taarab. Jina bila mstari wa maelezo linageuka kuwa kituo tu.

Sasa mahali. Hapa msikosee maana kuhamisha zege ni kuvunja zege. Ule mnara wa Chicago haukuwekwa katikati ya mji kwenye maduka ya kitalii, umewekwa mahali palipokuwa na nyumba za kota za serikali zilizoitwa kwa jina lake, Ida B. Wells Homes, zilifunguliwa 1941 na maelfu ya watu weusi wamekulia humo, zikaja kuvunjwa kati ya 2002 na 2011. Nyumba zikiondoka na jina linaondoka. Sisi wa Dar hatuhitaji kuelezwa hiyo hadithi kwa kirefu, tuliona Magomeni Kota, zile nyumba za zamani zilishuka yakapanda maghorofa, waliokulia pale wanakuonyesha kwa kidole hewani, "chumba chetu kilikuwa pale". Kwa hiyo wakazi wa zamani wa zile kota wakishirikiana na kitukuu wa Ida mwenyewe, Michelle Duster, wakasema mnara uwekwe palepale. Na nyumba aliyoishi mama mwenyewe haiko mbali na hapo, mwendo wa miguu tu.

Kanuni yangu mimi ni hii, wekeni pale alipokuwa anakaa au anafanyia kazi, na pawe mahali ambapo mtu anapita akiwa na sababu nyingine. Kuna mjumbe wetu mmoja alitaka tuweke ndani ya uzio wa ofisi fulani, eti pana usalama, geti linafungwa saa tisa na nusu na wikiendi hapaingiki. Nikawasimulia ile ya maandamano ya wanawake Washington, 3 Machi 1913, wanawake wanadai kura, waandaaji wakamwambia Ida yeye na weusi wenzie wakaandamane nyuma kabisa. Hakwenda nyuma. Alijichanganya na watazamaji pembeni ya barabara, msafara wa Illinois ulipofika usawa wake akatoka akaingia katikati ya wenzake wa jimbo lake akaendelea kutembea. Mtu wa namna hiyo, au bibi yetu, ukamfungie nyuma ya geti la ofisi? Mjumbe akakubali, ingawa alinuna mpaka chai.

Tulipata pale chini ya mwembe, kona ya njia ya kwenda sokoni, ambapo bibi alikuwa anaweka mtungi wa maji kwa wapita njia. Ila angalieni hifadhi ya barabara. Kama ni barabara ya mtaa waulizeni TARURA, kama ni kubwa ni TANROADS, msijenge halafu mje mkute alama ya X nyekundu. Na kabla ya kuchimba ulizeni bomba la maji na nyaya zinapita wapi, sisi jembe la kwanza tu tulitoboa bomba, nusu ya mtaa wakaoga kwa ndoo siku mbili, wakatusema wee.

Vibali sitakaa sana, ni kutembea tu. Idhini ya familia kwa maandishi iwe ya kwanza, sisi tulichelewa na mmeona. Halafu mkutano mkuu wa mtaa, muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, uende kata kwa mtendaji na diwani, kisha manispaa kwa kibali cha ujenzi mkiwa na mchoro na barua ya mwenye eneo. Kila karatasi toeni kopi tatu. Kuna ofisi moja ilitupotezea faili mara mbili, mara ya tatu nikaenda na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wakalipata ndani ya dakika kumi.

Hela. Usijitie presha na msikimbilie mfadhili mmoja. Kamati ya Chicago ilianza 2008, ikafikisha kama dola 300,000 ilizokuwa inahitaji Julai 2018, miaka kumi hiyo, na watu wengi walichangia vihela vidogovidogo mtandaoni mpaka ikatimia, halafu bado miaka mingine mitatu ndo ukasimama. Sasa wewe umeanzisha grupu la WhatsApp Jumatatu, Ijumaa unaandika "wanandugu mbona mmekaa kimya". Tulia. Sisi tulifungua akaunti ya kikundi ya watu watatu kusaini, michango inaingia kwa simu, na kila Jumapili jioni mhasibu anapiga picha ukurasa wa daftari anaiweka kwenye grupu, jina na kiasi, hata kama ni jero. Ile picha ya Jumapili ndo ilileta hela kuliko hotuba yoyote. Mtu mmoja mwenye uwezo alitaka alipe yote kwa sharti jina lake na la kampuni yake liwe juu ya la bibi. Tukamshukuru, tukamwambia achangie kama wengine. Alichangia elfu kumi.

Mkishakuwa na maneno, mahali na kibali ndo mje kwenye umbo, na hapa msiogope kuachana na sura ya mtu. Sikatai sanamu la sura, hata huyohuyo Ida analo, Memphis wamemwekea la shaba kwenye mtaa wa Beale, lilizinduliwa 16 Julai 2021, siku yake ya kuzaliwa, wiki mbili tu baada ya ule mnara wa Chicago. Lakini sura inataka msanii wa kweli na hela ya kweli, na ikikosewa kidogo watoto watamcheka marehemu miaka hamsini. Richard Hunt alikuwa mtoto wa Chicago hukohuko, mchomeleaji wa vyuma toka ujana, mwaka 1955 alikwenda kumuaga Emmett Till, yule kijana wa miaka kumi na nne aliyeuawa Mississippi na mama yake akaacha jeneza wazi watu waone. Mtu kama huyo akikwambia huyu mama ni moto unaopanda, unamwamini. Na hata jina la mnara limetoka kwenye maneno ya Ida mwenyewe, kwamba njia ya kunyoosha maovu ni kuyamulika kwa nuru ya ukweli. Neno likazaa umbo, mnaona? Halikuanza umbo.

Sisi tukajiuliza, bibi alikuwa nini? Watu wakasema maji. Wakasema baraza. Mzee mmoja akasema, "Mimi namkumbuka amekaa, hajawahi kusimama kuongea na mtu, anakwambia kaa kwanza." Basi, ikawa baraza la kukalia la duara nusu kuzunguka mwembe, katikati mtungi wa terazo, na jiwe la maandishi kwenye mgongo wa baraza. Yule kaka yake marehemu alipoona mchoro akasema hili hata mimi nitakaa.

Ujenzi. Haya ni ya kwetu pwani, wa Dodoma wanaweza kunipinga. Adui wa zege la Dar ni chumvi. Msikubali mchanga wa baharini hata ukiletwa bure, na msichanganye zege kwa maji ya kisima cha chumvi, nunueni maji baridi hata kama ni kwa madumu, maana chumvi inaingia mpaka kwenye nondo, nondo inaota kutu, kutu inavimba na zege linapasuka kutokea ndani. Lile simba, samahani, lile sanamu la kwanza lilikuwa na nondo imefunikwa na saruji nene kama chapati, masika moja tu likaanza kulia machozi ya kahawia usoni. Zege lifunike nondo sentimita 5. Mchanganyo tulitumia ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na msimamie wenyewe kwa sababu fundi ukigeuka anaongeza maji ili limwagike kirahisi, na zege la majimaji ni zege dhaifu. Likishaganda mwagieni maji siku saba mfululizo, funikeni magunia. Tukawapa watoto wa madrasa zamu ya asubuhi na jioni, hakuna aliyekosa.

Terazo niliichagua kwa sababu moja, pandeni ngazi za maghorofa ya zamani kule Kisutu na Upanga mtazame chini, zimekanyagwa miaka sitini bado zinang'aa. Ni vipande vya marumaru kwenye saruji nyeupe na rangi ya unga, inapigwa juu ya zege la kawaida, inakandamizwa, inaachwa siku kadhaa halafu inasagwa kwa mashine ya mawe na maji mpaka zile chembe zitokeze. Kwenye duara mashine kubwa haiingii, fundi alisaga kwa grenda ya mkono, kipande kwa kipande, wiki nzima, uji mweupe unamtiririka mpaka viatuni. Siku ya pili akaita watu, akamwaga ndoo ya maji juu ya sehemu aliyomaliza, na ile rangi ya kijani na nyeupe ikafunguka palepale kama mtu kavua miwani yenye vumbi. Mnaojenga refu kuliko mita moja na nusu wekeni vipande vya kutenganisha, vya shaba au aluminiamu, la sivyo nyufa zitajichorea zenyewe.

Ila herufi msiweke za shaba za kubandika. Najua zinapendeza. Wiki mbili zitakuwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Chongesheni kwenye jiwe jeusi la granite kwa mafundi wa vibao vya makaburi, herufi ziwe na kimo cha sentimita 3 na zizame ndani. Na kabla fundi hajagusa jiwe, chapisheni maandishi kwenye karatasi kwa saizi halisi, bandikeni ukutani, mpeni mtoto wa darasa la nne asome kwa sauti, halafu mzee asiye na miwani, halafu mwanafamilia asaini kila mstari. Sisi tuliandika kwa meseji, tukapokea jiwe limeandikwa MKUGA. Fundi anasema "ndo mlivyotuma", tukafungua simu, kweli ndo tulivyotuma. Jiwe jipya, hela mpya.

Uzinduzi fanyeni mdogo. Siku ya kuzaliwa ya mhusika inafaa, watu wanaikumbuka mwaka unaofuata bila kutangaziwa. Mgeni rasmi kama yupo apewe dakika tano, sisi tulimpa kipaza sauti mtoto mdogo kuliko wote kwenye lile daftari la majina 212, na mkubwa kuliko wote, wakavua kitambaa pamoja. Pilau ikaisha mapema, hilo mjipange.

Halafu utunzaji, andikeni kabla ya uzinduzi nani anafagia na nani anaosha, kwa majina. Kwetu ni dada anayeuza chipsi pale kona, tulimpa ruhusa aweke meza yake upande wa pili wa mwembe kwa makubaliano kwamba baraza liko mikononi mwake. Tatizo letu kubwa sasa ni mafuta ya chipsi yenyewe, watu wanakula wanapangusa vidole kwenye bibi. Likitokea doa msitumie dawa ya choo wala asidi yoyote, inakula marumaru na terazo inabaki na vidonda, kuna kijana wa kujitolea alitufanyia hivyo kwenye pembe ya kushoto na bado panaonekana. Maji, sabuni ya unga na brashi ya nguo vinatosha, na muoshe jioni jua likishapungua ili povu lisikauke juu yake.